Swali la Nne Kuhusu Kile Kiwanja

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini goti limepunguza hasira na mkazamjomba bado anakuvumilia. Huku tupo. Mama anakusalimu. Macho yake yanazidi kufifia. Mimi ananitambua kwa hatua, na juzi alimkaribisha fundi bomba kwa bashasha zote akidhani ni mimi nimerudi kazini.

Masikio yako hayataki simu tena, ndiyo maana naandika. Lakini safari hii nina shida ya kikazi pia. Unajua kazi yangu: mtu akitaka kujenga, wenye mitaji hutuuliza kwanza kama nyumba zitapata watu, na nini kinaweza kwenda mrama. Sasa limeletwa jalada la mradi wa huko kwako. Ghorofa nane, nyumba sitini na nne, kwenye kile kiwanja kilichozungushiwa mabati nyuma ya soko la mbao. Karatasi zinasema majengo matatu ya jirani yamejaa watu. Mimi karatasi nazijua, nyingine nimeziandika mwenyewe.

Nakuomba upite pale mara mbili kwa wiki, saa nne asubuhi, kisha unijibu kwa maandishi yenye tarehe, maana yataingia kwenye jalada. Kwanza, roshani ngapi zimeanikwa nguo? Dalali anaweza kudanganya, kamba ya nguo haina ulimi. Pili, vibao vya kutafuta wapangaji ni vingapi, na vipya au vimepauka? Tatu, maji yanatoka siku ngapi kwa wiki? Nne, hicho kiwanja kilikuwa nini zamani? Wewe umezeeka nacho.

Mpwa wako

20 Februari

Mpwa wangu, mwenye kalamu ndefu kuliko ulimi wa mama yako,

Marahaba. Goti halijapunguza hasira, limekwenda kulishawishi na lenzake, sasa ni maandamano. Mkazamjomba wako mzima. Anasema hanivumilii, ananihifadhi tu kama kabati la kurithi, zito kulitoa nje. Paka amezaa ndani ya kofia yangu nzuri, kwa hiyo barua hii naiandika kichwa wazi kama mfungwa.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Ama kweli elimu haina mwisho! Umesoma miaka kumi na saba, shule ya bweni na vyuo viwili, ili uje umtume mzee akahesabu chupi za watu. Nimevaa shati la kola, nimekwenda. Mlinzi akanisimamisha.

"Mzee, unatafuta nini humu?"

"Nahesabu nguo."

"Za nani?"

"Za ofisi kuu."

Akanipigia saluti. Usinilaumu, sikusema ofisi kuu ya wapi.

Sasa andika. Jengo la kijani lina nyumba ishirini, roshani kumi na saba zimeanikwa. La njano, kumi na sita kati ya ishirini. La tatu, lile lenye rangi ya meno yangu, kumi na nane. Vibao ni viwili tu, vipya. Maji siku nne kwa wiki, na siku ya tano yanatoka ya rangi ya chai. Hivyo vitu mnavyoviita vihatarishi, jina kama la wadudu wa kabatini, sijaviona. Nikiviona nitavikanyaga.

Karatasi imekwisha. Msalimie dada.

Mjomba wako

8 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Barua yako imesomwa ofisini kwa sauti, na mkuu wangu, mtu ambaye hajawahi kuonekana akicheka, alitoka nje kufuta machozi. Mama ameambiwa habari za kofia, amesema paka ana akili. Amepata dawa mpya za macho lakini haoni tofauti, nami sijamwambia daktari alichoniambia.

Hesabu zako zimeingia kwenye jalada. Ila mjomba, nilikuuliza maswali manne, umejibu matatu.

La nne si la kupamba barua. Soko likitudanganya, nyumba zinakaa tupu na mwenye mradi anaumia. Ardhi ikitudanganya, kuna watu watakuwa wamelala juu yake. Mwaka jana mwenzangu wa meza ya pili alipitisha jengo ambalo miezi saba baadaye lilipasuka ngazi kutoka chini hadi juu. Hakuna aliyekufa, lakini yeye hakurudi ofisini hata kuchukua kikombe chake. Bado kipo. Ripoti hii nitaiwekea sahihi peke yangu, na ni mara yangu ya kwanza.

Kwa hiyo niambie tu, pale palikuwa nini?

Mpwa wako

30 Machi

Mpwa,

Marahaba, na pole kwa dada. Hapa mvua imetupata. Paa linavuja mahali pale pale, mkazamjomba wako ameweka sufuria na kuniwekea mimi kiti karibu yake, anasema wote tunalia mfululizo. Paka wanne, watatu wamepata wenyewe.

Sikiliza jambo. Kwenye jengo la njano, ghorofa ya tatu, kuna shati jekundu lisilo na mkono mmoja. Nimeliona wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Limenyeshewa, limekauka, limenyeshewa tena. Nikamwendea mama anayefagia ngazi.

"Mama, huyu bwana wa shati jekundu hana jingine?"

Akacheka mpaka akaegemea fagio. "Mzee wangu, hilo la mume wangu, alishalikataa. Tunaambiwa tuanike kila Jumatatu, maana wageni wenye tai hupita. Nyumba ile haijawahi kukaa mtu."

Basi nikabadili saa. Nikaenda saa kumi na moja jioni, watoto wakiwa wametoka shule, nikasikiliza vyungu, nikatazama nani anabeba vikapu kupanda juu. Kijani, nyumba tisa zina watu. Njano saba. La rangi ya meno kumi na moja. Nyingine zote ni nguo zinaishi humo peke yake. Ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona vimeanikwa, uliza nani kavaa.

Kile kiwanja chako, palikuwa wazi tu. Majani, mbuzi wa watu. Goti limenikataza kusimama, naishia hapa.

Mjomba wako

14 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima, ametaka nikuandikie kwamba amekuota ukiwa kijana, umevaa viatu vipya. Huku kumetulia, nami nimepata usingizi kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Wewe ndiye umenipa.

Shati lile jekundu limeokoa mradi. Niliweka hesabu zako mezani. Mwenye mradi akakasirika, akapoa, akakubali. Ameshusha jengo kuwa ghorofa sita, nyumba arobaini na nane, na atauza polepole. Kwa kiwango hicho soko linaweza kulibeba. Wapima udongo wametoboa mashimo mawili, yote yamekutana na ardhi ngumu mapema.

Kwa hiyo nimebakiwa na ukurasa mmoja, wa historia ya kiwanja. Ramani za zamani hazipo. Nimeandika hivi: "Mkazi wa muda mrefu, anayefahamika kwa mwandishi, amethibitisha kuwa eneo lilikuwa wazi na halijawahi kuchimbwa." Huyo ni wewe. Naweka sahihi tarehe 15 Mei. Kama kuna neno la kubadili, liseme kabla.

Mpwa wako anayekushukuru

2 Mei

Mpwa wangu,

Salamu kwako, salamu kwa dada. Sisi wazima, paka mzima, goti lipo. Salamu zimekwisha, sasa sina pa kujificha.

Futa sentensi ile.

Pale palikuwa shimo. Kiwanda cha matofali kilichimba udongo pale miaka ishirini. Ndilo shimo lililomwua baba yako. Uliambiwa lilikuwa nje ya mji, na ni kweli, lilikuwa nje. Mji ndio uliotembea mpaka ukalikuta.

Lilishuka mita kumi na moja. Baada ya msiba mwenye kiwanda aliamuru lifukiwe, na mimi ndiye niliyesimamia malori. Tulitupa humo matofali yaliyovunjika, visiki, matairi, taka za soko, kisha juu tukamwaga udongo mwekundu, likapendeza kama kitanda kilichotandikwa juu ya fujo. Hakuna aliyeshindilia. Wapima udongo wako wametoboa upande wa barabara, ambako hatukuwahi kuchimba. Nilikuwepo. Nikamwuliza dereva wao, "Mbona nyuma kule hamwendi?" Akasema, "Mzee, kule gari linazama." Akacheka, na mimi nikacheka. Gari linazama, mpwa wangu, na sisi tunacheka.

Ningeweza kuishia hapa ukanishukuru. Lakini ukiandika shimo, watakwenda kuwauliza wengine, nawe utasikia nusu kwa watu. Afadhali usikie yote kwangu.

Kila asubuhi, kabla hajashuka mtu, mmoja alitangulia na nondo. Anagonga ukuta wa udongo toka mwanzo hadi mwisho, anasikiliza. Ukuta mzima unajibu kwa sauti nzito, kama mtu aliyeshiba. Wenye ufa ndani unalia kama debe. Akimaliza anapanda juu, anasema, "Shukeni." Bila neno hilo hakuna anayeweka mguu kwenye ngazi. Mtu huyo alikuwa mimi. Masikio haya unayoyaonea huruma yalikuwa na cheo. Waliniita Gonga.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Ngazi ilijaa tope, nami nilikuwa na viatu vipya na hadithi imefika katikati, wenzangu wameshika mbavu. Baba yako akaniuliza, "Shemeji, umegonga?"

Nikamwambia, "Shemeji, ukuta huu unanijua. Nikikohoa tu unasimama wima. Shukeni!"

Wakacheka. Yeye alinitazama kidogo, kisha akashuka, kwa kuwa nilikuwa nimesema neno. Alitangulia. Wengine watatu walikuwa bado kwenye ngazi ukuta ulipoanguka.

Msimamizi alipokuja kuuliza nani ameruhusu, nikasema, "Mimi sikusema kitu. Ameshuka mwenyewe. Shemeji yangu ni mkaidi." Wale watatu walinisikia wakatazama chini. Walidhani wananisitiri. Na mama yako nilimwambia hivyo hivyo siku ya mazishi, nimemshika mkono. Mwezi haukwisha, akafungasha akaondoka na wewe.

Siku hizi mgonga ukuta ni wewe. Mimi nilishasema "shukeni" bila kushuka. Usinifanye niseme mara ya pili.

Mjomba

9 Mei

Ndugu,

Yah: Historia ya kiwanja nyuma ya soko la mbao

Rejea barua yako ya tarehe 2 Mei. Ripoti imesimamishwa. Wapima udongo watarudi tarehe 19 Mei saa tatu asubuhi. Unaombwa ufike uwaonyeshe mipaka ya shimo, na uweke sahihi kwenye maelezo ya maandishi kuhusu lilivyofukiwa. Maelezo kuhusu tukio la zamani hayahitajiki katika ripoti.

Mchambuzi

23 Mei

Mpwa wangu,

Barua yako imefika. Niliigeuza nione kama salamu zimeandikwa nyuma. Hazikuwepo. Sawa. Mimi nakusalimu, na dada namsalimu. Mkazamjomba wako nimemweleza yote. Aliondoa kile kiti karibu na sufuria.

Nilikwenda tarehe 19. Nilitembea nikichomeka vijiti kwenye ukingo, hatua kumi na nne toka barabarani, kisha kushoto mpaka kwenye nguzo ya umeme. Miguu ilikumbuka yenyewe. Gari la kutoboa lilizama magurudumu ya nyuma, likavutwa kwa gari jingine, likatandikiwa mbao. Walitoboa mahali panne. Mita tatu, vipande vya matofali. Mita sita, kisiki kimeoza, harufu ikatutoa wote pembeni. Tisa, maji. Ardhi ngumu walikutana nayo kumi na moja, kama nilivyokuandikia.

Bibi mhandisi aliyekuwa na daftari, umri wako wewe, akaniuliza, "Mzee, ulijua haya yote. Mbona hukusema mapema?"

Nilitafuta utani wa kumjibu. Wewe unanijua, huwa sikosi. Nilikosa.

Sahihi nimeweka. Maelezo ya tukio la zamani umesema hayahitajiki, lakini mimi niliyaandika chini, kwa sababu karatasi iliuliza "ulijuaje?"

Mjomba

30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimechelewa kuliandika neno hilo, na bado limenipa kazi.

Mama anaendelea. Daktari amesema kilichobaki cha macho yake ni mwanga na kivuli. Ana habari hiyo sasa, nilimwambia mwenyewe.

Nilikataa mradi. Wenye mitaji wamejitoa, na baraza la mji limechukua maelezo yako, kiwanja kimewekewa alama kwenye ramani mpya. Mkuu wangu amenisifu mbele ya watu. Nilisimama pale nikisifiwa kwa kutowaacha watu nisiowajua wakae juu ya shimo, na nikawaza, kama ningesaini bila kukuonyesha sentensi ile, ungekuwa umeniambia? Sijui. Nadhani hata wewe hujui. Usinijibu.

Mama hana habari ya barua yako ya Mei. Nimekaa naye meza moja miezi mitatu, sijasema. Si langu kulisema. Mwandikie. Kusoma hawezi, kwa hiyo maneno yako yatapita kinywani mwangu. Yaandike yawe mafupi, na usiweke mzaha hata mmoja, maana nitalazimika kuutamka.

Mpwa

12 Agosti

Dada,

Anayekusomea ni mwanao. Mwambie naye akae.

Shimo lile mimi ndiye niliyekuwa naligonga kila asubuhi. Siku ile sikushuka kugonga. Mumeo aliniuliza, "Shemeji, umegonga?" Nikamjibu kwa mzaha, nikasema washuke. Alishuka kwa sababu alikuwa na imani na mimi. Hakuwa mkaidi. Neno hilo nililibuni mimi, ili nisiulizwe, na nikakupa wewe ulibebe miaka thelathini na moja.

Sikuombi kitu. Nimesema.

Ndugu yako

3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Sote tupo.

Nimemsomea. Nilichagua mchana, mlango umefungwa. Nilipofika kwenye "mumeo aliniuliza" akanishika mkono.

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Mara nne, mjomba. Kisha akasema, "Kumbe aliuliza."

Akatafuta kikombe chake mezani, hakunywa. "Mimi nilikuwa nikimgombeza," akasema. "Nikifua, nikipika, nikikulaza wewe, namgombeza. Nasema, wewe mwanaume, kwa nini hukuuliza?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini hatukuwahi kwenda kaburini. Nilidhani ni umbali.

Kuhusu wewe hajasema lolote, nami sikumwuliza. Ameuliza jambo moja tu, kama kaburi lina jina. Shughulikia hilo.

Tunakuja tarehe 16, saa nne. Usitupokee kituoni. Simama kwenye lango la makaburi, usiingie. Nitamwambia kwamba upo. Akiinua mkono, njoo. Asipoinua, rudi nyumbani.

Mpwa wako

19 Septemba

Mpwa wangu,

Natumaini mlifika salama na dada hakuchoka sana njiani. Mkazamjomba wako anawasalimu. Siku hizi tunazungumza, mambo ya chumvi na funguo.

Nilifika langoni saa mbili, nisije nikachelewa. Muuza maua akaniuliza kama nimefiwa, nikamwambia ni zamani. Akaniuliza kama nanunua, nikamwambia sijaruhusiwa.

Jina halikuwepo. Sasa lipo, mliliona. Mwashi alitaka kulipaka tu rangi, ndiyo rahisi. Nikamwambia alichimbe kwenye jiwe, herufi ziingie kidole. Nashukuru, maana nilimwona dada anapiga magoti, anapapasa, anapata herufi ya kwanza. Akaanza kusoma kwa kidole. Alifika mwisho, akarudi mwanzo. Midomo ilikuwa inatembea. Kwa masikio haya, na umbali ule, sikusikia kitu, na nadhani hayakuwa yangu kusikia.

Nilikuona ukiinama kumwambia. Nikaona kichwa chake kinainuka kidogo. Nikavua kofia.

Mkono haukuinuka. Sikusogea, ila nakiri kwamba nyumbani sikurudi papo hapo kama ulivyoagiza. Nilikwenda nyuma ya ukuta nikangoja mtoke kwa lango la pili, ndipo nikaingia. Nikakaa upande wa miguuni. Majani yalikuwa bado yamelala pale alipopiga magoti.

Nilimwambia shemeji nilichokuja kumwambia. Kilikuwa kifupi.

Msalimie dada. Kama salamu hazitaki, baki nazo wewe.

Mjomba wako